Inavumilia Hari

Benchi la kahawa ya Halimah, nyuma ya soko la Owino mjini Kampala, upande wa mafundi cherehani, lina namba ya serikali iliyopakwa rangi nyeupe ubavuni: 417. Afande Kamis, aliyekuwa mtunza stoo wa polisi kwa miaka ishirini na sita hadi alipostaafu, husema benchi hilo lilitoka serikalini kwa kufuata taratibu zote. Hakuna aliyeziona taratibu hizo, na benchi lenyewe halijawahi kuulizwa. Kamis hukaa upande wa namba, kwa kuwa anapenda kukaa karibu na ushahidi. Upande wa pili hukaa fundi redio ambaye jina lake la ubatizo limekwisha kusahaulika. Watu humwita Ledio, kwa sababu ulimi wake wa Kiganda huziweka L na R pale zinapotaka zenyewe. Katikati hukaa Mumbere, fundi cherehani Mkongomani, ambaye kijiwe kimempa jina la Sentimeta kwa ajili ya rula yake ya mbao ya mita moja, rula asiyoiacha hata akienda kununua mkate. Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa ameilaza rula magotini, na juu ya rula ameweka maboksi mawili madogo na karatasi moja iliyokunjwa.

Mumbere alikuwa na muda hadi saa sita mchana. Kesho yake binti yake Reine angeogelea kukata ghuba ya Ziwa Viktoria kuanzia Ggaba, kilomita nne, na shule ya kuogelea ya huko ilikuwa imeahidi kuwachukua watakaofika ng'ambo wawe walimu wanafunzi. Reine alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka miwili. Miaka miwili hiyo alijifunza kwenye bwawa, na Mumbere akitembea ukingoni akigonga vigae kwa rula, ko, ko, ko, ili mikono yake ifuate mwendo. Reine alisema mlio huo huusikia hata kichwa kikiwa chini ya maji. Lakini ziwa halina vigae. Wiki iliyopita, akikausha nywele, alikuwa ameuliza: “Papa, kule katikati nitasikia nini?” Mumbere ni mtu wa vitendo. Kesho yake alikwenda kuulizia redio za masikioni zinazoingia majini.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo lilikuwa ndani ya ile karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa fomu ya kamati ya mashindano, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa sababu mwaka huo kamati ilitaka ionekane ya Afrika Mashariki. Mahali pa msindikizaji, penye maneno *Mimi ... nitakuwa mtumbwini na ...*, palikuwa pamebaki peupe tangu Jumatatu. Kijiwe kizima kinajua kwamba Mumbere alitoka Kongo kwa basi, tena akakaa dirishani. Ameisimulia safari hiyo mara nyingi, na kila mara dirisha huongezeka ukubwa. Ukweli ni kwamba alivuka Ziwa Albert katika mashua iliyojaa watu, maji yakimfika magotini akiwa ndani ya chombo, na Reine wa miezi minne akiwa amefungwa kifuani pake. Tangu siku hiyo hajakanyaga chombo chochote kinachoelea. Hata Halimah akimwaga beseni la kuoshea vikombe, Mumbere huinua miguu yote miwili.

Kwa hiyo kama mashine ingeweza kufanya kazi ya mtu, alikuwa tayari kuiheshimu mashine.

— Haya, Senti, eleza, alisema Kamis. Mzigo umetoka wapi?

— Kwa Ruqaiya, dukani. Ameniachia yote mawili nichague. Ile isiyofaa nairudisha kabla ya saa sita. Nimemwachia mkasi wangu.

— Ule mkubwa?

— Ule mkubwa.

Kamis akatikisa kichwa. Fundi aliyeacha mkasi ni askari aliyeacha bunduki, na yeye alijua fomu inayojazwa kwa kosa hilo.

Ledio alikuwa amekwisha kufungua boksi la kwanza. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kipana, chenye upinde wa kupita nyuma ya kisogo, kama kishikio cha ndoo kilichokosa ndoo. Juu ya boksi Ruqaiya alikuwa amebandika kikaratasi kwa mwandiko wake mzuri: *Ya kuogelea. Haina bluetooth. Nyimbo huwekwa ndani.* Chini palichapwa tone la maji na namba 8.

— Hii ina matatizo, alisema Ledio. Haiingii sikioni. Inakaa hapa, kwenye mfupa.

— Kwenye mfupa inatafuta nini?

— Eti muziki unapita mfupani.

— Mfupa ni kazi ya hospitali ya Mulago, alisema Kamis. Muziki ni kazi ya sikio. Hizo ni idara mbili. Ukichanganya idara, hata barua haifiki.

— Tena haina bluetooth! Mwaka huu! Ledio ya bibi yangu kijijini ina bluetooth.

Halimah, aliyekuwa akimimina kahawa, alisema bila kuinua macho:

— Labda bluetooth haipiti majini.

— Mama Halimah, bluetooth inapita ukuta, alisema Ledio. Jirani yangu anapiga nyimbo za kanisa kwenye spika yangu mimi, nikiwa kitandani. Sasa niambie, ukuta na maji, kipi kigumu?

Kijiwe kilikubali. Ukuta ni mgumu.

— Na simu yenye nyimbo atakaa nayo nani? aliuliza Kamis. Maana huyo binti hawezi kuogelea na simu mdomoni.

— Itakaa mtumbwini, alisema Ledio. Kwa msindikizaji.

— Msindikizaji ni nani?

Mumbere akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto bado, na ulimi ukaungua, lakini alikunywa hadi swali likapita.

Ledio akafungua boksi la pili, na hapo hata Halimah akageuka. Ndani ya kikasha cha kung'aa mlilala vijipande viwili vyekundu, vidogo kama punje za maharage, vyenye taa ya buluu iliyowaka na kuzima. Namba yake, chini ya tone lile lile, ilikuwa 4. Kikaratasi cha Ruqaiya kilikuwa na maneno mawili tu. Ledio akayasoma kwa sauti:

— *Inavumiria hali.*

— Hapana, alisema Kamis akivaa miwani. Imeandikwa *hari*.

— Ndiyo nimesema. Hali.

— Wewe umesema sawa kwa bahati mbaya. Yeye ndiye ameandika vibaya. Tazama: H, A, R, I. Hii ndiyo taabu ya mji huu. Juzi nimepita mahali wameandika *Hoteri ya kisasa*. Ukitafuta L imekwenda kwa R, ukitafuta R iko likizo.

Mumbere alicheka pamoja nao. Miaka ishirini Kampala alikuwa amezoea kuzirudisha herufi za watu mahali pake bila kuwaaibisha. Mteja akiomba suluali, alishona suruali. Akiambiwa balabala imefungwa, alizunguka barabara nyingine. Kule dukani, alipoisoma *hari*, kichwa chake kiliisahihisha kabla jicho halijafika mwisho wa neno, naye akaondoka akiwa na furaha. Inavumilia hali. Hali zote: jua, mvua, mawimbi, upweke.

— Lakini Ruqaiya amelelewa na shangazi yake Mombasa, alisema Halimah. Haandiki ovyo yule. Hari kwao ni—

— Mama, ongeza tangawizi, alisema Kamis, ambaye tayari alikuwa ametoa kalamu.

Aliikata ile R kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika L juu yake, akatia saini pembeni. Kisha akatoa mfukoni muhuri wake. Alistaafu nao kimakosa, alisema, na hakuna ofisi iliyokubali kuupokea kwa sababu hakuna muhuri mwingine wa kuthibitisha kwamba umepokelewa. Akaupulizia pumzi, akaugonga juu ya kikaratasi: IMEPOKELEWA.

— Sahihisho lisilo na saini ni uharibifu, alieleza. Sasa ni waraka.

— Na hizi namba? aliuliza Mumbere. Hii nne, ile nyeusi nane.

— Senti, wewe una mtoto aliyesoma Uganda, unauliza hivyo? Mtihani wa darasa la saba, mtoto wa kwanza kabisa anapata ngapi?

— Nne.

— Akipata nne?

— Picha inatoka gazetini.

— Na akipata nane?

— Anaambiwa ajitahidi.

— Basi. Hii imepata nne. Ile ya mifupa imepata nane, haikujitahidi.

Hoja hiyo ilikuwa nzito mno. Mumbere alikumbuka Reine alipopata kumi na moja, na jinsi alivyomfariji.

— Lakini kuna jambo la kisheria, aliendelea Kamis, maana mtu aliyeshinda hoja moja hawezi kukaa na ushindi peke yake. Ziwa Viktoria ni la nchi tatu. Ukipiga muziki ndani ya maji, maji hayana mpaka. Unasikika Kenya, unasikika Tanzania. Hicho ni kituo cha utangazaji. Kinahitaji vibali vitatu.

— Afande, ni sikioni tu!

— Sikio liko wapi? Majini. Ningekuwa bado kazini ningelisimamisha.

— Mimi naogopa mputa, alisema Ledio. Samaki yule anapenda besi. Fundi mmoja pale Ggaba aliangusha spika majini ikiwa inapiga. Mputa walikuja mpaka ufukweni, wamepanga mistali.

— Walicheza?

— Mmoja alicheza. Wengine walikuwa wageni.

— Basi tumwekee nyimbo zisizo na besi, alisema Mumbere, na akashangaa kujisikia akisema hivyo kwa dhati.

— Nyimbo za maziko, alishauri Kamis. Hakuna samaki anayekuja mazikoni.

Halimah aliweka birika chini kwa kishindo kidogo.

— Nyinyi. Hari maana yake—

— Mama Halimah, tunaomba beseni, alisema Ledio. Tunafanya jalibio.

— Beseni lina maji ya vikombe. Lina sabuni.

— Ziwa pia lina sabuni. Watu wanafua.

Beseni likaletwa miguuni pao. Mumbere akainua miguu, akaikunja juu ya benchi kama mtu anayeswali. Ledio akaunganisha vile vijipande na simu yake, akatafuta wimbo, na vile viumbe vyekundu vikaanza kuimba kwa sauti nyembamba kiganjani mwake. Vilikuwa vizuri. Mumbere aliviona tayari vimekaa masikioni mwa Reine, mbali, katikati ya maji, vikifanya kazi kwa uaminifu, na yeye akiwa nchi kavu akipunga kitambaa. Katika ile nafasi nyeupe ya fomu angeandika jina lolote. Angeandika jina la mtu asiyemjua.

— Moja, mbiri, alisema Ledio, akavitumbukiza.

Wimbo ulikatika papo hapo, kama mtu aliyefungiwa mlango.

— Umeona? Anaimba chini kwa chini, alisema Kamis.

— Subilini.

Walisubiri. Mapovu mawili yalipanda. Ledio alipovitoa, taa ya buluu ilipepesa mara tatu, na sauti ya mwanamke, ya upole sana, ikatamka neno moja la Kiingereza.

— Amesema nini?

— Anaaga, alisema Ledio.

Walivitikisa. Walivipuliza. Ledio alivinyonya, akatema sabuni. Waliviweka juani juu ya namba 417, na Kamis akatoa maoni kwamba vifaa vingi vya serikali pia huwa hivyo kabla ya kuanza kazi. Hapo Halimah akaketi kwenye kigoda chake, akaunganisha mikono magotini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna aliyemwomba tangawizi.

— Hari ni jasho, alisema.

— Nini?

— Hari. Ukikimbia, maji yakakutoka mwilini. Watu wa pwani ndivyo wanavyoliita. Hiyo ni ya watu wa kukimbia, inavumilia jasho. Ruqaiya aliandika sawasawa. Nyinyi ndio mmemsahihisha.

Mumbere alikitazama kikaratasi. R ilikuwa bado inaonekana chini ya mstari wa Kamis, imesimama wima, haina hatia.

— Nitamrudishia nimwambie nini?

— Kisheria, alisema Kamis kwa sauti ya chini, imepokelewa.

Kamis alivua miwani kwa heshima ya mkasi. Kisha Ledio akalivuta taratibu lile boksi la kwanza.

— Imebaki hii ya mifupa. Labda mfupa si mbaya.

— Mfupa una faida zake, alikubali Kamis. Mwili mzima umesimama juu yake.

Mumbere akakichukua kile kitu cheusi, akakiweka kichwani mwake mwenyewe, mbele ya masikio. Kilikuwa kizito na kibaya, na pengine kilikuwa ndicho. Matumaini yalimrudia. Ilikuwa saa tano na nusu, na yeye alikuwa bado amekunja miguu yake juu ya benchi, kishikio cha ndoo kikiwa kisogoni, alipowasili Reine.

Alikuwa amevaa fulana ya mazoezi, nywele mbichi, mkoba begani.

— Habari zenu, wazee. Mama Halimah, umeshindaje?

— Leine, nnyabo, kalibu, alisema Ledio, akilisukuma beseni chini ya benchi kwa kisigino.

— Papa, nimekuja kuchukua fomu. Ofisi ya kamati iko Naguru, saa sita wanafunga. Hicho ni nini kichwani?

— Redio yako, alisema Mumbere. Inaingia majini. Inapita kwenye mfupa.

— Ina nane, aliongeza Kamis, lakini tumeisamehe.

Reine aliitazama ile redio, akavitazama vile vijipande vyekundu vilivyokuwa vikianikwa, akalitazama beseni lililochungulia nyuma ya kisigino cha Ledio, akautazama muhuri. Halafu akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu:

— Papa, mimi niliomba redio lini?

Ledio alimtazama Kamis. Kamis aliitazama namba 417. Halimah aligeuza kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha kugeuzwa.

— Uliuliza kule katikati utasikia nini, alisema Mumbere.

— Niliuliza.

— Basi nikakutafutia.

— Ukurasa wa pili wa fomu umesoma?

Kamis ndiye aliyeisoma fomu hiyo, Jumatatu, akaisifu sana nembo yake na nafasi pana za pembeni.

— Kwa kawaida ukurasa wa pili huwa ni viambatisho, alisema Kamis.

Reine akaufungua, akasoma: *Muogeleaji haruhusiwi kuvaa kifaa chochote cha sauti. Atafuata sauti ya msindikizaji wake peke yake.* Akaukunja tena. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

— Kama ni ngumu, Papa, kuna kocha wa timu nyingine amesema anaweza kuandikwa jina. Atakuwa anaangalia watu sita. Mimi nitajihesabia mwenyewe.

— Utafika?

— Sijui. Bwawani nikiacha kukusikia, ninapinda.

Mumbere aliivua redio kichwani, akairudisha katika boksi lake, na kulifunga vizuri kama mtu anayefunga nguo ya mteja. Kisha akawageukia wenzake, kwa sababu yapo maneno ambayo ni rahisi kuwaambia watu wa benchi kuliko mtoto wako.

— Sikuja kwa basi, alisema.

— Basi gani? aliuliza Kamis.

— La Kongo. Halikuwepo.

Ledio alionekana ameumia.

— Na dirisha?

— Hata dirisha.

— Tulivuka ziwa, alisema Reine. Mama aliniambia kabla hajafa. Najua, Papa. Najua kwa nini fomu ni nyeupe.

Mumbere alishika rula kwa mikono miwili. Reine akanyoosha mkono, akaigonga kwa kucha, ko.

— Hii nayo inaingia majini, alisema. Ni mbao. Inaelea.

— Kwenye ubavu wa mtumbwi italia?

— Italia kuliko kwenye vigae.

Mumbere aliomba kalamu. Kamis alimpa ile ile, bila kudai saini, na hilo kwake lilikuwa kama hotuba. Mumbere akailaza fomu juu ya rula, akaandika polepole katika nafasi zote mbili zilizokuwa nyeupe, herufi kubwa, kama anavyochora chaki juu ya kitambaa kisichokuwa na ziada. Ledio akainama begani pake, akasoma kwa sauti ili kijiwe kishuhudie:

— *Mimi* Mumbere *nitakuwa mtumbwini na* Leine.

Kamis aliposikia hivyo akaitwaa kalamu, akavaa miwani. Muhuri ulikuwa tayari mkono wa kushoto.

— Hapo penye L na R, leta nihakiki.

Mumbere akaifunika fomu kwa kiganja.

— Usiguse, Afande. Hiyo R ni yangu.

Reine aliichukua fomu, akaiweka mkobani, akakimbilia pikipiki za Naguru. Mumbere akaokota vijipande vyekundu kutoka juani, akavirudisha katika kikasha chao pamoja na sahihisho la serikali, ajiandae kwenda kuulilia mkasi wake kwa Ruqaiya. Ledio akauliza kama kuna kahawa ya kuagana. Halimah akalipindua birika. Likatoa tone moja na ukungu wa tangawizi. Akainama, akalivuta beseni kutoka chini ya benchi, akayamwaga maji yote kwa mkupuo, na yale maji ya sabuni yakaja mbio kuwafuata. Kamis aliinua miguu miwili. Ledio aliinua miguu miwili.

Mumbere aliinua mmoja.